Majivu ya Bibi Esteria

Asubuhi hiyo jua lilikuwa bado changa, na Pudensiana, ambaye majirani walimwita Mama Venant, alikuwa barazani kwake Mpanda mjini akipogoa maua. Ua liitwalo taji la miiba lilikuwa limejaa kwenye makopo ya rangi, limechanua hadi wapita njia wanasimama. Alipenda sana kusifiwa. Asichosema ni kwamba maua yale hayakuwa yake.

Yalikuwa ya Bibi Esteria, kikongwe aliyeishi peke yake nyumba ya pili. Bibi aliwahi kumpa kipande, akamfundisha: ukikata, paka majivu kwenye kidonda utomvu ukome, kiache kikauke, ndipo upande, na maji usizidishe. Pudensiana akamwagilia kama mchicha. Kikaoza. Ua la bibi likachanua, na wivu ukamkaba. Bibi alikuwa na macho mekundu, na siku moja bombani Pudensiana akawaambia wenzake, "Macho mekundu yale si ya bure."

Uvumi wa uchawi hauna breki. Watoto wakaanza kurusha mawe kwenye bati la bibi, wakubwa wakaacha kumsalimia. Akaondoka nyuma ya bodaboda kwenda kwa ndugu zake kijiji cha Kasansa, na huko akafa. Pudensiana akajibebea makopo, ati maua yasife.

Sasa, akiwa anapogoa, tawi likamponyoka, utomvu mweupe ukamrukia machoni. Aliungua, akanawa, akaungua zaidi. Kwenye kioo aliona macho mekundu ya Bibi Esteria, yale yale. Akaketi sakafuni. Bibi wa watu, kumbe alikuwa akihudumia maua tu. Aibu ilimshika hadi akageuza kioo kikatazama ukuta.

Kesho yake alikuta kila tawi alilokata limepakwa majivu.

Nyumbani kwake alipikia gesi. Jivu halikuwepo. Akayafuta majivu yale kwa kitambaa. Kulipokucha yalikuwepo tena, yamegandamizwa kwa kidole gumba chembamba.

Mchana jirani yake Kauthar alikuja kuomba kipande cha ua. Alipomtazama usoni akarudi nyuma.

"Mama Venant, macho yana nini?"

"Ni utomvu tu."

Kauthar akashusha sauti. "Hata Bibi Esteria alisema hivyo. Ukacheka wewe."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema: Bibi alisema kweli, mzushi ni mimi. Maneno yalifika ulimini. Aibu ikayarudisha, maana angewatazamaje watu? Kauthar akaondoka bila ua, na Pudensiana alijua anaelekea bombani.

Akafunga mlango kwa komeo. Akajilaza kwenye kochi. Usingizi ukamchukua.

Kidole kikamgusa kope. Taratibu. Kope hii, kisha ile.

"Bibi," alinong'ona, "nisamehe."

Alipofumbua macho chumba kilikuwa kitupu, komeo lipo mahali pake. Akageuza kioo. Kope zote mbili zilikuwa zimepakwa majivu, vizuri, kama unavyopaka tawi ulilolikata. Macho hayakuwasha tena.

Lakini wekundu haujatoka hadi leo, na bombani, Mama Venant akitokea, wanawake huwabeba watoto wao na kuondoka.