Suti Haitakiwi Kung'aa

"Hodi hodi! Nani mwenye suti hii?"

Mama Sabuni aligeuka, mikono yake imejaa povu. Mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama katikati ya ua wake. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, ana miwani na mkoba wa kijani begani. Hakungoja kukaribishwa. Alinyoosha kidole kwenye kamba ya nguo kama anayemwonyesha polisi mwizi.

"Aje hapa mwenyewe. Mnaiua!"

Kwenye kamba ilining'inia suti nyeusi, imebanwa mabegani kwa vibanio viwili. Jua la saa saba lilikuwa linaichapa. Maji yalidondoka kutoka kwenye mikono, matone makubwa, ta, ta, ta.

"Shikamoo," alisema Mama Sabuni, kwa kuwa mgeni alimzidi umri, na adabu ni adabu hata mtu akiwa amekasirika.

"Marahaba."

"Haya. Sasa nieleze umeingiaje uani kwangu."

"Kwa mlango. Ulikuwa wazi."

Laiti mgeni angejua, asingechagua siku hiyo kumchokoza mwenye nyumba. Mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, na hawakumwita hivyo kwa kumtania. Shuka zake zilikuwa nyeupe pe. Watoto wake hawakuwahi kurudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya uchafu. Kila nguo ya nyumba ile ilipita mikononi mwake, ikaloweshwa, ikasuguliwa, ikasuuzwa mara tatu.

Lakini jana yake mumewe alikuwa amerudi nyumbani kimya. Mume huyo alikuwa mkaribishaji wa wageni kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano. Kazini walimwita Tai, maana hakuwahi kuonekana bila tai shingoni. Alikaa kitini, akavua viatu. Mkewe alipombana ndipo akatapika yote.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa amemsimamisha mbele ya wenzake. Alimshika kola ya koti, akaisugua kwa vidole viwili, kisha akasema, "Suti haijamaliza mwaka na tayari inaonekana hivi? Nyumbani kwako hakuna mtu anayejua kufua? Ijumaa tuna mkutano mkubwa. Ukija na suti hii, hutasimama mlangoni tena. Utakwenda jikoni kuosha vikombe, na utabaki huko huko."

Hakuna mtu anayejua kufua!

Mama Sabuni alikesha na maneno hayo. Alipoamka, mumewe alikwenda kazini na koti la kuazima, naye akaichukua suti, akaitumbukiza kwenye maji ya moto, akaisugua kwa sabuni ya mche na brashi ya kufulia mpaka mabega yakamuuma. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Na sasa, ametoka tu kuianika, mtu baki anaingia uani kumwambia kwamba anaiua.

"Kwa hiyo na wewe umekuja kuniambia sijui kufua?" Sauti yake ilipanda. "Mnapokezana, siyo? Jana msimamizi, leo mpita njia! Kesho nani? Mjumbe wa mtaa?"

"Sijasema hujui kufua, mwanangu. Nasema unafua kupita kiasi. Suti si shuka."

"We mama, ni nani?"

Mgeni akashusha mkoba. "Nimepiga pasi kwenye hoteli miaka thelathini na miwili. Suti za mabwana arusi, za mawakili, za watu wanaokuja na walinzi. Waliniita Bi Mvuke. Nilikuwa kwenye basi, nakwenda kumwona dada yangu. Nimeiona suti hii kupitia dirisha la basi, roho ikakataa. Nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu."

Mama Sabuni alimtazama juu mpaka chini. Mtu anayeshuka kwenye basi kwa ajili ya suti ya mtu asiyemjua, ama ana kichaa, ama anajua jambo. Lakini hakuwa tayari kushindwa uani kwake mwenyewe. Alikwenda kwenye kamba, akaushika mguu wa suruali, akauinua juu.

"Hebu tazama. Tazama goti hili! Tazama hapa nyuma! Nani mtaani hapa ana suti inayong'aa namna hii?"

Bi Mvuke alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani alikufundisha kwamba suti inatakiwa kung'aa?"

"Kwani kitu kisafi si kinang'aa? Sufuria inang'aa. Sakafu inang'aa. Hata mtu akipendeza tunamwambia, leo umeng'ara!"

"Basi neno hilo ndilo lililoua suti nyingi kuliko nondo wanaotafuna nguo. Kitambaa hiki ni cha sufu, manyoya ya kondoo. Kina vinyweleo vidogo vilivyosimama, kama zulia. Ukikandamiza pasi ya moto moja kwa moja juu yake, vinalala. Ukizidisha, vinaungua. Ndipo kinang'aa. Huo si usafi, mwanangu. Hilo ni kovu."

Mama Sabuni aliuachia mguu wa suruali kama aliyeshika kaa la moto. Akakumbuka kila asubuhi alipoipitisha pasi, akairudisha, akaipitisha tena, akifurahi jinsi weusi unavyomeremeta. Alikuwa akiichoma kwa mikono yake mwenyewe.

"Lakini hakuna aliyeniambia," alisema polepole.

"Suti yenyewe ilikuambia. Lebo yake iko wapi?"

"Lebo? Nilizikata zote. Zinamkera shingoni."

Hakuwa amezitupa, lakini. Mama Sabuni hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliingia ndani, akatoka na kopo la vifungo. Ndani yake, katikati ya vifungo na sindano, mlikuwa na lebo kumi na kitu. Bi Mvuke alizichambua kama mtu anayechambua mchele, mpaka akaipata moja nyeusi yenye alama za dhahabu.

"Soma."

"Hakuna maneno. Ni vijipicha."

"Vijipicha ndivyo maneno yenyewe. Hiki ni nini?"

"Kama beseni. Limekatwa mistari miwili."

"Maana yake usiitie majini. Hii pembetatu iliyokatwa, usitie dawa ya kung'arisha. Hii pasi yenye nukta moja, pasi iwe ya uvuguvugu. Nukta mbili, joto la kati. Nukta tatu, moto mkali, na hiyo ni ya nguo za pamba na kitani. Na kwenye nguo nyingine ukiona beseni lenye mkono ndani yake, fua kwa mkono taratibu."

Mama Sabuni aliitazama ile lebo ndogo, isiyofika hata urefu wa kidole. Damu ilianza kumchemka upya, lakini safari hii hasira ilikuwa imebadilisha njia.

"Yaani wanachora vijipicha, wanavificha ndani ya bitana, aliyeuza hasemi neno, halafu mtu akikosea anadhalilishwa mbele ya wenzake? Ukumbi unamlazimisha avae suti siku sita kwa wiki. Suti amenunua mwenyewe, moja tu! Kuna hata mtu mmoja aliyemweleza namna ya kuitunza? Hakuna! Wanachojua ni kumshika mtu kola!"

"Hapo sasa hasira yako imekaa mahali pake," alisema Bi Mvuke. "Ihifadhi, utaihitaji. Kwanza tuokoe suti. Una taulo kubwa?"

Wakaishusha suti juani. Wakailaza juu ya taulo, wakaikunja pamoja nalo, wakaibonyeza maji yatoke bila kuikamua. Hanga ya nyumba ile ilikuwa ya waya, nyembamba. Bi Mvuke aliizungushia vitambaa mpaka ikawa na mabega kama ya mtu. Wakaivalisha hanga hiyo koti, wakanyoosha mikono kwa viganja, wakalitundika barazani, kivulini, penye upepo. Suruali wakaiacha ining'inie kwa pindo, kichwa chini.

"Kesho asubuhi nitarudi," alisema Bi Mvuke. "Usiiguse. Ukihisi mkono unawasha, fua shuka."

Kesho yake alirudi kweli, na brashi laini na chupa ndogo ya siki. Tai alikuwepo, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alilijaribu koti, na mikono yake ikaishia juu ya vifundo vya mikono.

"Kumbe ni suti iliyorudi ikawa ndogo!" alisema mkewe. "Mimi nilidhani ni wewe unanenepa."

"Nanenepea wapi? Miezi mitatu umeninyima chai ya sukari!"

"Basi leo utakunywa."

Bi Mvuke aligeuza pindo la mkono, akaonyesha kitambaa cha ziada kilichokunjwa ndani. Mama Sabuni akafumua uzi, akashusha pindo upana wa kidole, akashona tena. Suruali vivyo hivyo.

Kisha likaja somo la pasi. Bi Mvuke alichanganya kifuniko kimoja cha siki na vifuniko vitatu vya maji. Akachovya kitambaa, akakikamua, akapangusa sehemu zilizong'aa. Akatandaza juu yake kitambaa cheupe cha pamba chenye unyevu.

"Hii ndiyo kinga. Pasi isikutane na sufu uso kwa uso. Na usiiburute. Weka, hesabu mpaka tatu, inua. Weka, inua. Ukiweza, igeuze nguo nje ndani kabisa."

Mvuke ulipanda. Walipoondoa kinga, Bi Mvuke alipiga brashi kinyume na uelekeo wa kitambaa, kisha akairudisha. Goti lilikuwa jeusi, limetulia, halimeremeti. Mama Sabuni alipitisha kiganja chake juu yake mara mbili.

"Na hapa nyuma?"

"Hapo pameungua. Pamepungua, lakini hapatapona. Sikudanganyi."

"Sasa nisipoifua, si itanuka?" aliuliza Tai.

"Ukivua, toa kila kitu mifukoni. Ipige brashi. Itundike kwenye hanga yenye mabega, siyo msumarini, mahali penye hewa. Ipumzike siku nzima kabla ya kuvaliwa tena. Doa likidondoka, ligonge-gonge kwa kitambaa chenye unyevu, usilisugue. Ikichafuka kweli kweli, mpelekee dobi anayefua nguo za sufu bila maji. Kinachofuliwa kila siku ni shati, maana ndilo linalokunywa jasho. Lianikwe kivulini, lipigwe pasi likiwa na unyevu kidogo, ukianza na kola, kutoka kwenye ncha kuja katikati. Hapo mkeo ruksa kusugua mpaka achoke."

"Siku nzima ya kupumzika," Tai alinong'ona. "Na mimi sina nyingine."

Mkewe akashika kiuno. "Hilo utamwambia msimamizi. Kesho. Na usimung'unye maneno."

Walipotaka kumpa Bi Mvuke chochote, alikataa. "Nataka ahadi tu. Ukiona nguo ya mtu inauawa, usipite kimya. Ingia. Hata kama una haraka. Mimi jana nilipofika kwa dada yangu, alikuwa ameshasafiri. Sitamwona mpaka mwisho wa mwaka."

Mama Sabuni alimshika mkono. Kisha akasema, "Naahidi."

Ijumaa asubuhi msimamizi alimwangalia Tai kuanzia begani mpaka kwenye pindo la suruali. Akaishika kola, akaisugua. "Umenunua mpya?"

"Ni ile ile," alijibu Tai. Alikumbuka mkewe alivyoshika kiuno. "Nyumbani kwangu yuko mtu anayejua kufua. Tena naomba maneno yale uyafute mbele ya wenzangu, kwa kuwa uliyasema mbele yao. Na jambo jingine. Suti moja haivaliki siku sita mfululizo. Sote hapa suti zetu zinakufa, na kila siku tunalaumiwa sisi."

Wenzake waliacha kupanga viti. Mmoja akaonyesha viwiko vyake vilivyong'aa, mwingine akageuka akaonyesha nyuma, watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Lakini hakumpeleka Tai jikoni. Baada ya wiki mbili tangazo lilibandikwa ukutani: makoti yatavaliwa siku za mikutano tu, siku nyingine, shati na tai. Kuhusu kufuta maneno, msimamizi alisema kwa sauti ya chini, "Nilikosea," na Tai alimwomba arudie kwa sauti.

Ile suti ilimaliza mwaka, ikaingia wa pili.

Katika mwaka huo wa pili, Tai alichaguliwa kuwa mkuu wa wakaribishaji. Jina lake lingesomwa ukumbini Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, na familia zilialikwa. Mama Sabuni alipanda basi akiwa amevaa gauni lake la sherehe. Alikuwa amelipiga pasi nje ndani, juu ya kinga. Alikaa wima lisijikunje. Alitaka kulisikia jina hilo likisomwa pale pale mumewe alipoaibishwa.

Basi lilisimama kituo cha tatu kabla ya ukumbi. Alitazama nje. Kwenye baraza moja, baba mmoja alikuwa ameinama juu ya meza, anakandamiza pasi juu ya koti la bluu. Hakukuwa na kinga. Aliiburuta, akairudisha, akaiburuta tena. Kisha akaliinua koti juani, akatabasamu jinsi linavyong'aa.

Mama Sabuni akageuza uso. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Basi jingine lingechukua nusu saa. Si koti lake. Yule baba hata hamjui.

Basi likaanza kuondoka.

"Shusha!" alipiga kelele. "Shusha hapo hapo!"

Alivuka barabara ameshika pindo la gauni lake, akafika barazani anahema.

"Hodi hodi! Baba, weka pasi chini. Unaliua koti hilo!"

Yule baba alimkodolea macho. "We mama, ni nani?"

Ndani ya nyumba redio ilipiga mlio wa saa, kisha sauti ikasema ni saa nne kamili. Mama Sabuni aliisikia. Akalisogelea lile koti.

"Nitakueleza," alisema. "Kwanza niletee kitambaa safi cha pamba, na maji kidogo."