Abiria wa Laki Tatu

Kengele ya mkanda ililia, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Ti. Ti. Ti. Faraji alitazama taa nyekundu kwenye dashibodi, ile yenye mchoro wa mtu aliyekaa bila kufunga mkanda, akasonya. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulinunua gari hilo Msimbati, hata mchanga wa huko haujamtoka viatuni. Mwishowe, kwa hasira, akauvuta mkanda na kuufunga juu ya kiti kitupu. Kimya.

"Haya, boss," alikiambia kiti. "Safe journey."

Faraji alikuwa na digrii ya kompyuta, na digrii hiyo ilimpatia kazi moja tu: kurudisha nyuma kilomita za magari yaliyochoka. Madalali wa Chuno walimletea mikweche iliyozunguka nchi nzima, naye akachomeka laptop chini ya usukani, mzee akawa kijana. Aliambiwa asubiri ajira. Akachoka kusubiri, akaambiwa ajiajiri, awe mbunifu. Basi, huo ndio ubunifu wake, wenye kuona haya waone wao.

Safari hii gari lilikuwa lake. Mama yake, Mwasiti, aliweka rehani mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe ili mwanawe anunue, arudishe kilomita, auze kwa faida. Gari lisipouzika, mikorosho inakwenda.

Bi Mwanaidi, mchuuzi wa pweza mkavu aliyemuuzia, alimpa sharti moja akiwa bado ameshikilia funguo.

"Limebakiza kidogo lifike kilomita laki tatu. Likikaribia, lilete hapahapa Msimbati. Lifikie hapa, nami niwepo."

"Sawa, mama," alisema Faraji, na moyoni akacheka. Siku hiyohiyo alizifuta kilomita zake, akaandika elfu themanini.

Tangu hapo mkanda haukunyamazisha tena kitu. Kengele ililia umefungwa, ililia haujafungwa. Zulia la upande wa abiria likawa linaamka limelowa, na maji yenyewe, alipoyaonja kwa ncha ya ulimi, yalikuwa ya chumvi. Ndani mlinuka udi uliochanganyika na samaki wa juzi.

Alilipeleka kwa Shaibu, fundi wake wa siku zote, ambaye alizama chini ya kiti kwa muda mrefu na kuibuka na kipande cha waya.

"Mjomba, sensor nimeing'oa. Hii hapa, ninayo mkononi."

Kengele ikalia.

"Sasa hiyo inalia nini?" aliuliza Faraji.

"Ndiyo nakuuliza wewe msomi."

"Kaa hapo kitini, tujue kama ni uzito."

Shaibu alikitazama kiti. Kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati, kama kinavyobonyea mtu mzima anapokaa. "Kaa mwenyewe," alisema taratibu. "Mimi nina watoto."

Mteja alipatikana hata hivyo, Josephu, mtu wa Shangani. Aliondoka na gari kulijaribu akiwa peke yake, akarudi kwa miguu, shati limelowa, na kuanzia begani hadi kiunoni ana alama nyekundu ya mkanda.

"Ulikuwa unanikaza," alinong'ona, huku akimtupia Faraji funguo. "Nikifungua, unakaza. Na kuna mtu pembeni anasema, bado. Bado, bado. Kachukue gari lako, ndugu, na mimi usinijue."

Faraji alimpigia simu Bi Mwanaidi. Mama yule hakusalimia.

"Umezigusa zile namba?"

"Namba ni zangu, gari si langu?"

"Marehemu mume wangu alimpa lifti mwanamke pale ufukweni, mchana wa jua kali, nguo zinachuruzika maji. Akapanda, asishuke tena. Mwalimu wa madrasa alimsomea mpaka wakapatana: atapanda hadi laki tatu, akiwa safarini hatamgusa mtu, na atashukia palepale alipopandia. Namba ndiyo mkataba wake, wewe mtoto. Umemwongezea safari na hukumuuliza." Sauti yake ilishuka. "Lilete huku, mwalimu amsomee upya. Usifanye jingine lolote."

Alikata simu. Faraji aliwaza ile njia ya Msimbati, mchanga na upweke, yeye na yule kitini. Akacheka kicheko kikavu. Kama tatizo ni namba, namba si ndiyo kazi yake? Aliegesha gari uani kwa mama yake, Chuno, jua likielekea kuzama, akachomeka laptop na kuandika laki tatu.

"Umefika," alisema. "Case closed. Shuka."

Kengele ikanyamaza. Kifungo cha mkanda kililia kach, mkanda ukajirudisha polepole, kama ulioachiwa na mkono wa mtu asiye na haraka, mlango wa abiria ukafunguka, kiti kikainuka kutoka pale kilipokuwa kimebonyea, na juu ya vumbi kavu la ua, ambako mvua haikunyesha kwa wiki nyingi, pakatokea unyayo wa maji, kisha mwingine, nyayo nyembamba za kike zenye mchanga mweupe wa Msimbati, zikampita, hazikwenda getini, hazikwenda upande wa baharini, zilikwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyumba, ambamo ndani Mwasiti alikuwa ametandika mkeka akisubiri sala ya magharibi.

"Faraji," aliita mama yake kutoka ndani, kwa sauti ya chini. "Baba, mgeni gani huyu uliyeniletea?"

Aliingia mbio. Mkeka ulikuwa umelowa. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, wima, macho yametulia ukutani kama anayetazama barabara. Kanga yake ameipitisha begani hadi kiunoni na kuifunga kwa nguvu kwenye mgongo wa kiti.

"Mama. Mama, ni mimi."

Mwasiti hakugeuka. Faraji alipiga magoti, akaanza kufungua lile fundo. Lilipolegea, midomo ya mama yake ikafunguka kidogo.

"Ti," alisema Mwasiti. "Ti. Ti."