Sufuria za Maneno

Baba yangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi alifungua kibanda chake kwa utani. Alimpima mteja kiuno huku akimchokoza, na mteja akacheka.

Kisha akapata kiharusi. Hospitali walimtibu vizuri. Miguu ikapona, mikono ikapona. Maneno yakagoma.

Nasi tulimkosesha raha! Mama alimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Mimi nilimmalizia kila sentensi. Akanuna, akaacha kujaribu.

"Fundi asiyesema ataelewanaje na wateja?" aliuliza mjomba, kaka yake mama. "Mwisho wa mwezi naleta mtu anunue cherehani."

Baba alilishika gurudumu la cherehani. Machozi yakamlengalenga. Roho iliniuma sana.

Nilimkimbilia jirani yetu, Mama Pacha. Kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kuongea tena. Alikuja, akapanga sufuria zetu mezani, moja ndani ya nyingine.

"Hii kubwa ni sentensi," alisema. "Ndani yake mna vifungu, yaani maneno ya pumzi moja. Ndani ya kifungu, neno. Ndani ya neno, silabi. Na hii ndogo kabisa?"

"Sauti moja moja," nilijibu.

"Ehee! Shemeji anaelewa kila kitu. Ninyi mnambebesha sufuria kubwa. Mpeni silabi kwanza. Agonge meza kwa kila moja. Na msimsemee!"

Baba akagonga. "Che. Re. Ha. Ni."

"Safi! Sasa ziunganishe. Ile ya pili kutoka mwisho ikazie, ndivyo tusemavyo."

"Chere-haa-ni."

Mama aliangusha mwiko.

Tukagonga meza kila siku. Silabi zikawa maneno, maneno yakashikana. Mama aliuma midomo asimpigie kelele. Haikuwa kazi rahisi kwake, maskini!

Mwisho wa mwezi, mjomba alifika kibandani na mnunuzi.

"Bei gani?" mnunuzi aliuliza.

Kabla mjomba hajajibu, baba aligonga meza.

"Cherehani hii... haiuzwi."

Mama alishangilia, nami nikalia kwa furaha. Baba akavuta pumzi nyingine.

"Na wewe, shemeji... suruali yako... imechanika nyuma."

Mjomba alijishika nyuma. Lo! Ilikuwa imechanika kweli. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mnunuzi pia.

"Vua," alisema baba, akitunga uzi.

Mjomba akajifunga shuka, akakaa kwenye benchi la wateja kusubiri suruali yake.