Macho ya Machuki na Pikipiki ya Nashon

Soko la Rangwe lilikuwa dogo wakati huo. Lilikuwa na maduka machache, makanisa mawili, na kinu cha Mama Marcella cha kusaga mahindi. Kinu kilianza kunguruma asubuhi, na watu walikizoea hata hawakukisikia tena.

Machuki alikuwa Mkisii. Yeye na mkewe Nyamoita walihamia Rangwe, kwa Waluo, kuuza samaki. Jirani yao alikuwa Nashon, Mluo, naye aliuza samaki vilevile. Wanaume hao wawili walikuwa Wasabato na walikaa benchi moja kanisani. Kila asubuhi walienda Homa Bay kwa baiskeli kuchukua samaki ufuoni. Walipanda vilima wakihema na kutaniana, na hakuna aliyemzidi mwenzake.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, Nashon akanunua pikipiki mpya.

Tangi lake lilikuwa jekundu, linang'aa mpaka unajiona uso. Watu wote walitoka kuitazama. Machuki naye alitazama, na roho ikamuuma. Nisifiche, ilimuuma sana. Kuanzia siku hiyo Nashon alipita kilimani kama upepo, na Machuki alibaki nyuma anasukuma baiskeli yake na kula vumbi. Akifika sokoni, wateja wameshanunua na kwenda zao.

"Hata Nyamoita amesema ni nzuri," alijiambia kwa uchungu. "Mke wangu mwenyewe."

Ikawa kila jioni Machuki anasimama mlangoni na kuitazama pikipiki ya jirani. Alilitazama tangi, akakitazama kiti, akayatazama magurudumu. Moyoni alisema, "Afadhali ingeharibika." Alisema hivyo na chakula kikapita vizuri kooni.

Wiki hiyohiyo kioo cha pembeni kikalegea na kuning'inia. Halafu kibati cha namba kikaanguka njiani. Halafu bomba la moshi likaanza kugongagonga kama sufuria mkokoteni.

"Pikipiki ni mpya kabisa," Nashon alilalamika dukani. "Kiwandani wamekaza kila kitu. Mimi sijaigusa hata kwa spana, nisije nikaiharibu. Sasa vitu vinaanguka kwa nini?"

Mteja mmoja akamnong'oneza, "Nani huitazama kila jioni?"

Maneno hayo yalitosha. Waluo wana neno sihoho, yaani jicho baya la mtu mwenye wivu. Kesho yake Nashon alimkuta Machuki mlangoni.

"Jakisii," alisema bila kucheka, "nakuomba kitu kimoja. Usiiangalie pikipiki yangu."

"Mimi naangalia tu, ndugu."

"Usiiangalie hata kidogo."

Habari zikaenea sokoni. Akina mama waliuza nyanya, lakini Machuki akipita walizifunika kwa leso. Mtu akinywa chai hotelini, aligeuka akampa mgongo. Kanisani Nashon alihamia benchi lingine. Wateja wa samaki nao wakapungua, wakaisha.

"Baba Mong'ina," Nyamoita alimwambia mumewe, "wananiuliza kama wewe una macho mabaya. Leo hakuna aliyenunua. Kama jina hili likikaa, itabidi turudi kwetu, na kule hatuna shamba. Niambie ukweli. Umefanya nini?"

Machuki aliinuka, akaufunga mlango. Shida ilikuwa hapo. Hakuwa amegusa kitu, lakini wivu alikuwa nao, na ubaya aliutamani kwa moyo wote. Akaanza kuogopa macho yake mwenyewe. Je, kama ni kweli? Akisikia mlio wa pikipiki sasa, aligeukia ukutani.

Siku moja alikuwa amegeuka hivyohivyo, akasikia kishindo na watu wakipiga kelele. Nashon alikuwa ameanguka mteremkoni, karibu na kinu. Gurudumu la mbele lilikaa upande. Samaki walitapakaa barabarani. Nashon alikuwa amechubuka magoti na kiwiko, na aliponyanyuka alinyoosha kidole moja kwa moja.

"Ni yeye. Atanimaliza mimi huyu."

Watu wakamzunguka Machuki. Hakukimbia. Aliona Nyamoita amesimama na mikono kichwani, akaamua kusema.

"Wivu ninao," alisema. "Nilitaka iharibike, ni kweli. Lakini leo sikuitazama. Nilikuwa nimetazama ukuta."

Hapo Mama Marcella akatoka kinuni, mweupe wa unga mpaka kope, spana mkononi. Alikuwa mjane, Mkatoliki, na mkali kwa watu wanaochelewesha foleni. Alipita katikati yao bila kumsalimu mtu, akainama kwenye gurudumu.

"Nani aliyesema sihoho?" aliuliza.

Watu wakamtazama Nashon.

"Mimi ni mtoto wa hapahapa, sihoho mnanieleza nini? Sihoho ni ya chakula. Tangu lini ikala chuma?" Akaishika nati ya gurudumu, akaizungusha kwa vidole vyake. "Ona, Nashon. Nati hii inashikilia gurudumu lako, na mimi naifungua bila spana. Uliikaza lini?"

"Sijawahi. Si ni mpya?"

"Ndiyo maana imelegea. Kinu changu kilipokuja kipya, nilisaga siku chache tu, boliti zikaanza kucheza. Fundi aliyekifunga aliniambia hivi. Chuma kipya hukaa vizuri mahali pake baada ya kufanya kazi. Kikishakaa, kinaacha nafasi ndogo. Halafu mtikisiko unaizungusha nati kidogo kidogo mpaka inatoka. Na wewe unatikiswa kuliko mimi. Barabara hii ina mikunjo kama bati la paa."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeifungua?"

"Barabara ndiyo imeifungua. Lakini naona hamniamini. Haya, tupime."

Mama Marcella alisubiri injini ipoe, kwa sababu bomba la moshi la moto huunguza mikono. Akamwambia Nashon afungue mfuko mdogo ulio chini ya kiti. Ndani mlikuwa na spana, safi kabisa, bado zina mafuta ya kiwandani.

"Zimekuja na pikipiki, na wewe umezikalia," alisema Mama Marcella, na watu wakacheka kidogo.

Walinyoosha gurudumu, kisha akamwonyesha kazi. Alianza na nati za magurudumu, mbele na nyuma. Akaenda kwenye usukani, kisha breki. Akashika boliti zinazobeba injini, bomba la moshi, kiti, na kibati cha namba. Kwa kila nati alichagua spana inayoitosha.

"Spana kubwa inateleza na kula pembe za nati," alisema. "Kaza mpaka ishike imara, halafu acha. Usivute kwa nguvu zote, utakata meno ya boliti. Na hii pini ndogo ya gurudumu irudishe mahali pake, inaizuia nati isitoke. Ikivunjika, weka mpya, usiweke msumari."

Halafu akaleta rangi nyeupe iliyobaki alipopaka mlango wa kinu. Kwa kijiti, alichora mstari mdogo kwenye kila nati, ukapita mpaka kwenye chuma cha jirani. Wakasubiri rangi ikauke juani.

"Mstari ukinyooka, nati haijasogea. Ukikatika, imezunguka. Nashon, nenda Rongo urudi polepole. Machuki, wewe ingia kinuni. Kama ana macho yanayopita ukuta, tutajua leo."

Machuki alikaa kwenye gunia la mahindi, mgongo kwa mlango. Kama mistari yote ingerudi imenyooka, watu wangesema pikipiki ilipona kwa sababu hakuitazama. Angefungasha vitu vyake kesho. Hakuwahi kuiombea pikipiki ya mtu mwingine ilegee kwa sababu njema, lakini siku ile aliomba.

Nashon aliporudi, watu walishaifunga barabara. Waliinama wote pamoja. Mstari wa gurudumu la mbele ulikuwa umenyooka, na wa usukani pia. Lakini kwenye bomba la moshi mstari ulikuwa umekatika vipande viwili. Kwenye boliti moja ya injini pia, kidogo.

"Machuki alikuwa wapi?" aliuliza Mama Marcella.

"Kinuni," mama mmoja wa nyanya alijibu. "Mimi nilimlinda."

"Basi semeni wenyewe kilichozungusha."

"Barabara," watu walisema.

Nashon alijikuna kichwa. Aliingia kinuni, akasimama mbele ya Machuki.

"Ndugu, nimekukosea. Nimekuharibia jina."

"Na mimi nimekuonea wivu," alisema Machuki. "Bado naona wivu, usidhani umeisha. Lakini nati hiyo nilikuwa nimeiona inacheza, kabla sijaanza kutazama ukuta. Mimi nakaza baiskeli yangu kila wiki. Ningekuambia, lakini ulinikataza kuangalia."

Mama Marcella ndiye aliyesema kwa wote wawili.

"Wivu mtamalizana na Mungu wenu. Nati ni kazi ya spana."

Jumamosi iliyofuata Nashon alirudi kwenye benchi la zamani. Nyanya za sokoni zikakaa wazi, na wateja wa Nyamoita wakarudi, wengine wakinunua zaidi kwa aibu. Baadaye Nashon akaanza kumletea Machuki kikapu cha samaki kutoka Homa Bay, ili naye afike sokoni mapema.

Kioo kilikazwa, kibati cha namba kikafungwa upya, na pikipiki haikuangusha kitu tena. Kila asubuhi kabla ya safari Nashon aliitikisa kwa mkono na kusikiliza. Na kila Ijumaa mchana, siku ya maandalio, wakati watu wengine wanachota maji na kupika chakula cha Sabato, yeye aliiegesha kivulini ipoe. Alitandaza spana juu ya gunia, akageukia mlango wa jirani.

"Machuki," aliita, sauti ikafika mpaka kinuni, "njoo uiangalie pikipiki yangu."