Mikono Ndani ya Aproni

Kila asubuhi mimi na bibi yangu tunazozana bila kutoa sauti. Bibi alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi miaka ishirini na mitatu, na kelele za mashine za kusokota zikamharibia masikio yote mawili. La kushoto liliisha kabisa. Kwa hiyo nyumbani tunaongea kwa mikono, kama walivyoongea wafanyakazi mle ndani, maana hata ungepiga kelele mpaka mishipa ya shingo itoke, jirani yako asingesikia. Kidole kikizungushwa, uzi umekatika. Kiganja kifuani ni "ngoja." Ngumi mbili zikigongana ni "msimamizi anakuja," na siku hizi bibi huitumia baba anaporudi kazini akiwa na njaa.

Jumamosi hiyo tulizozania kifungo cha sketi yangu ya shule. Bibi alinituma kwa Mama Vifungo, fundi mzee anayeshona kwenye baraza la duka la viatu. Bibi mwenyewe hakuwahi kukanyaga pale. Akihitaji uzi hunituma mimi, kisha husimama ng'ambo ya barabara akijifanya anaangalia magari.

Nilipofika nilimuuliza bibi kwa mikono kutoka ng'ambo: kifungo cheupe au cheusi? Akajibu kwa mikono: cheusi. Nilipogeuka, Mama Vifungo alikuwa ameshachagua cheusi.

"Umejuaje?" nikashangaa.

"Si amekwambia mwenyewe? Nina macho."

"Kumbe na wewe ulikuwa kiwandani! Basi ulikuwepo kwenye mgomo. Darasa letu linaandika habari zake."

Mama Vifungo alikata uzi kwa meno. "Nilikuwepo, mwanangu. Lakini katika majina mtakayoandika, langu hamtalipata. Muulize bibi yako."

Nilimuuliza njiani. Bibi hakutumia mikono. Alisema kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka: "Huyo hakuwa mwenzetu! Na ukome hapo."

Mgomo huo kila mtoto wa mji wetu anaujua. Zaidi ya miaka arobaini iliyopita, mashine ilimkamata mkono msichana wa kusokota, na msimamizi akakataa kuizima kwa sababu zamu ilikuwa haijaisha. Wanawake wakazima mashine zote wao wenyewe, wakakaa chini. Walikaa wiki tatu. Redio ikawaita maadui wa taifa. Polisi walikuja na marungu, wanawake tisa wakafungwa, na bibi yangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi baadaye, hata neno "mgomo" lilisemwa kwa kunong'ona. Leo kuna kibao cha ukumbusho getini, na kila mtu anadai bibi yake alikuwepo. Ukiwahesabu hao mabibi wote, kiwanda kingehitaji ghorofa sita.

Jumatatu, mwalimu wa historia alituachia darasa tukubaliane kichwa cha gazeti letu la ukutani, litakalobandikwa Siku ya Wazazi. Kiranja wetu tunamwita Spika, kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti. Marehemu bibi yake ndiye aliyekuwa kiongozi wa mgomo. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: WOTE WALISIMAMA KAMA KITU KIMOJA.

"Wanaokubali, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Mimi sikuinua wangu. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa bado namfikiria Mama Vifungo na ule uzi katikati ya meno yake.

"Si wote," nikasema. "Yupo mmoja aliyeachwa nje. Tungemtafuta kwanza, tujue kwa nini."

Darasa likacheka. Kisha Spika akaacha kucheka, na wengine wakaacha pia.

"Bibi yangu alifungwa miezi minane," akasema. "Wewe unataka tumwandike pamoja na msaliti?"

"Sijasema ni msaliti. Nimesema tuulize."

"Wanaokataa kuuliza, mikono juu!"

Mikono arobaini na moja. Niliihesabu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Kuanzia hapo nikawa peke yangu. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, na laiti wangenitukana, maana tusi angalau linajibika. Nikifika bombani, foleni inanyamaza. Nikiuliza ukurasa, kila mtu anaangalia dirishani. Rafiki yangu tunayekaa dawati moja tangu darasa la kwanza alisogeza begi lake likawa katikati yetu. "Samahani," alinong'ona Jumanne. Jumatano hakusema hata hilo. Mpaka Alhamisi nilikuwa nimejua idadi ya misumari kwenye mlango wa darasa, nikaanza kuamini kwamba labda kweli mimi ndiye mbaya. Nilipanga kwamba Ijumaa nitasimama mbele, niseme nimekosea, ili nirudishiwe watu wangu.

Nyumbani sikusema kitu. Bibi aliuliza kwa mikono kama naumwa, nikajibu hapana.

Ijumaa nilisahau daftari la hesabu, na bibi akaniletea saa ya mapumziko. Alinikuta kwenye ngazi za nyuma ya darasa. Sikumwona. Yeye alisimama kwenye kona ya ukuta akitazama, na mtu asiyesikia hutazama vizuri kuliko sisi. Aliona wenzangu wawili wakija wakizungumza, wakaniona, wakafunga midomo na kugeuza mabega. Aliona rafiki yangu akipita huku akihesabu vidole vyake. Hapo ndipo akaja, akaketi ngazini taratibu, daftari langu mapajani mwake.

"Wameanza lini?" akaniuliza kwa mikono.

Sikuwa nimemwambia chochote. Nililia. "Jumatatu."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza yote: kichwa cha gazeti, Mama Vifungo, mikono arobaini na moja. "Leo nitawaomba msamaha," nikamalizia.

Bibi aliangalia viganja vyake. Kisha akazungumza kwa sauti ndogo, ambayo kwake ni ngumu, kwa sababu haisikii mwenyewe.

"Wiki ya pili ya mgomo tulikuwa na njaa na hasira. Tulifanya mkutano. Baadhi yetu wakasema twende tukachome nyumba ya msimamizi. Ndani mlikuwa na mke na watoto wanne. Tulipiga makofi, mimi pia. Yule fundi akasimama peke yake, akasema, 'Mgomo nauunga mkono mpaka mwisho. Nyumba yenye watoto sichomi, na atakayekwenda atanipita mimi mlangoni.'"

"Mkaichoma?"

"Hatukuichoma. Tuliona haya, tukatawanyika. Hatukumsamehe kwa haya hiyo. Tulimwita kibaraka, ingawa alikaa nasi chini mpaka siku ya mwisho na alipigwa rungu kama sisi. Tulipotoka jela na kurudishwa kazini, tukaanza kumfichia mikono."

"Kumfichia mikono ndiyo nini?"

"Kule ndani huwezi kuongea bila mikono. Basi akipita, tunaingiza mikono ndani ya mifuko ya aproni. Idara nzima. Uzi wake ukikatika hakuna wa kumwambia. Akiuliza saa, mifuko. Alipofiwa na mama yake, alisimama katikati ya mashine akatuambia kwa mikono, 'Mama yangu amekufa.' Sikutoa mikono." Akaigeuza mikono hiyo mapajani. "Miaka kumi na moja, mjukuu wangu. Mpaka kiwanda kilipofungwa."

Kengele ililia. Bibi hakuisikia, nami sikumwambia.

"Leo nimekuona hapa ngazini," akasema, "nikamwona yeye. Usiombe msamaha kwa jambo hilo. Wa kuomba ni mimi."

Jioni hiyo bibi alivuka barabara. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa na hofu kuliko yeye. Mama Vifungo aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akayashusha tena. Bibi akainua mikono, akasema kwa lugha ya kiwandani: "Pole kwa mama yako."

Cherehani ilisimama. Nilidhani watakumbatiana kama kwenye filamu. Hawakukumbatiana.

"Umechelewa miaka thelathini," Mama Vifungo akamjibu kwa mikono.

"Najua."

"Nilikuwa nikifika nyumbani naongea na sufuria. Unajua hilo?"

"Nimelijua leo."

Mama Vifungo alivuta kigoda kwa mguu. "Kaa. Sijasema nimesamehe. Nimesema kaa, unanizuilia mwanga."

Jumatatu iliyofuata, kwa ruhusa ya mwalimu, bibi alisimama mbele ya darasa letu akasimulia vilevile alivyonisimulia. Hakujipunguzia hata kidogo. Darasa zima lilimsikiliza. Spika ndiye aliyeinua mkono, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Shikamoo bibi. Na bibi yangu... naye alificha mikono?"

Nilimgeuzia bibi swali kwa mikono, ingawa moyoni nilitamani aseme uongo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Bibi yako alikuwa mwanamke hodari kuliko wote niliowahi kuwajua. Alinigawia mkate wake jela. Na ndiyo, aliificha. Alikuwa wa kwanza, mimi wa pili." Akatutazama sote. "Wakubwa walitufunga miezi kadhaa kwa kosa la kusema hapana. Sisi tukamfunga mwenzetu miaka kumi na moja kwa kosa hilohilo, na hatukuhitaji hata ukuta. Wanangu, kumpinga mkubwa anayekuonea ni haki yenu. Lakini siku mkiwa wengi na mwenzenu yuko peke yake na neno lake, msikilizeni kwanza. Hapo ndipo mtajua kama haki mnaipenda kweli au mnapenda tu kushinda."

Mwalimu alifuta kichwa cha habari ubaoni bila kuuliza mtu. Rafiki yangu akaliondoa begi katikati yetu na kuliweka chini. Nilikuwa bado nimekasirika, lakini nilisogea kidogo.

Spika alikuja saa ya kutoka. Alisimama mbele ya dawati langu akikuna shingo.

"Tutaandika yote mawili," akasema. "Miezi minane, na aproni. Lakini wewe ndiye utakayeandika ya aproni. Mimi nitakosea."

"Sawa," nikasema. Siku zote zile nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kumjibu. Badala yake nikafungua daftari ukurasa mpya.

Siku ya Wazazi tulimwalika Mama Vifungo. Alituma jibu kwamba ana sare kumi na mbili za kushona. Lakini saa sita mchana, watu walipokuwa wamepungua, alitokea na miwani yake imefungwa uzi, akasimama mbele ya gazeti la ukutani. Bibi yangu alisimama hatua tatu nyuma yake, hakuthubutu kusogea. Mama Vifungo alisoma neno kwa neno. Alipofika kwenye sehemu yake aliweka kidole.

"Hapa mmekosea."

Nikasogea karibu. "Wapi, Mama?"

"Mmeandika, 'Bila woga alisimama peke yake.' Nani kawaambia sikuogopa? Magoti yalikuwa yanagongana. Nilisimama huku nimeshika kiti cha mwenzangu nisianguke." Akatugeukia, mimi na Spika. "Mtoto mwoga akisoma hivi atasema, hiyo ni kazi ya majasiri, mimi hainihusu, naye atanyamaza wakati anapohitajika. Andikeni kwamba niliogopa sana. Andikeni na kwamba baadaye nilikuwa mpweke sana. Halafu andikeni kwamba lile neno nililolisema, mpaka leo silijutii."

Spika alichukua kalamu, akakata "Bila woga" kwa mstari mmoja ulionyooka. Akanipa kalamu niandike.