Njia Isiyoandikwa Daftarini

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kidole alimfuata shangazi yake kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Shangazi ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao pale. Alipangusa ruta, kile kisanduku kinachoelekeza mtandao, kwa kitambaa kikavu, akakagua taa zake moja moja, kisha akalinyoosha daftari lililoning'inia ukutani kwa uzi. Msichana mwenyewe aliitwa Kidole kwa sababu hakuwahi kuona kitufe akakiacha salama.

"Mtandao unaingilia ofisini," shangazi alimfundisha. "Kutoka huku kwenda kule kuna njia mbili: waya uliofukiwa ardhini na antena ya juu ya paa. Ruta zetu huulizana zenyewe ipi nzima. Moja ikifa, zinahamia nyingine, hata mimi nikiwa nimelala. Lakini ukiiandikia ruta njia kwa mkono, inakutii wewe, haiulizi tena. Ndiyo maana kila njia ya mkono inaingia daftarini: siku, jina na sababu."

Daftari lilijaa mwandiko wake. Mistari mingine ilikatwa, pembeni pameandikwa: Nilikosea.

Siku moja shangazi alitoka kidogo. Mwanafunzi mwenzake Kidole, ambaye mdomo wake ulimpa jina la Kasuku, akaanza uchokozi.

"Ati shangazi yako ni fundi, na mtandao unatambaa kama konokono! Au nyie kazi yenu kupangusa vumbi?"

"Ngoja uone," Kidole akajibu.

Alijua antena ilikuwa na kasi kubwa kuliko waya. Neno la siri la ruta alilijua pia. Shangazi hakuona sababu ya kumficha mtoto wa kaka yake. Akaandika njia kwa mkono: kila kitu kipite kwenye antena. Picha zikafunguka chapuchapu, wenzake wakampigia makofi. Kidole akalitazama daftari. Akiandika, shangazi atajua. Akaliacha lining'inie.

Siku tisa baadaye, wanafunzi arobaini waliketi kufanya mtihani kwenye kompyuta. Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulikuwa umeing'oa antena ya upande wa ofisini. Waya ulikuwa mzima, lakini ruta haikuuliza. Ilituma kila kitu kwenye antena, kwa kuwa ndivyo ilivyoamriwa. Skrini zote zikaganda.

"Fundi, si ulisema njia moja ikifa zinahama zenyewe?" mwalimu mkuu alifoka. "Leo usiponifungulia mtihani huu, utaniachia funguo za chumba hiki uende zako!"

"Zinahama, Mwalimu. Nipe muda kidogo."

Shangazi akapekua daftari. Hapakuwa na njia ya mkono. Akamgeukia binti wa kaka yake. "Kidole, uligusa kitu?"

"Hapana, shangazi."

Basi akaamini. Hakuona haja ya kuipekua ruta: antena aliiona imeng'oka, na kama ruta haikuhamia waya, basi waya nao umekatika. Akachukua jembe, akaenda kuufukua waya. Kidole alimwona dirishani, amepiga magoti juani, udongo hadi viwikoni, akiupapasa waya usio na ugonjwa. Mara mbili Kidole aliinuka. Mara mbili akaketi.

Saa sita msimamizi aliufunga mtihani, na mwalimu mkuu akanyoosha mkono kudai funguo. Hapo ndipo Kidole alipotoka mbio, akilia. "Ni mimi! Niliandika njia, sikuiweka daftarini!"

Shangazi akaliacha jembe. Alirudi ndani, akaufuta mstari ule mmoja kwenye ruta, na skrini zikafunguka kabla hujameza mate.

"Mwalimu, shangazi hana kosa," Kidole alisihi.

"Neno la siri lilikuwa lake kulilinda," mwalimu mkuu akajibu. Mtihani ulirudiwa Jumatatu, hakuna mwanafunzi aliyepoteza alama. Lakini shangazi hakurudishiwa funguo wala kazi.

Siku ile ile ya kosa, kabla ya kuondoka, shangazi alimpa Kidole kalamu. "Andika. Siku, jina, sababu."

Kidole akaandika yote matatu.

"Kukosea kwako kusingenifukuza hapa," shangazi alisema. "Daftari zima hili ni makosa yangu, na miaka kumi na moja nimelala nayo vizuri. Lakini nilipokuuliza ukasema hapana, ulinionyesha njia iliyokufa. Nami nikaifuata, mwanangu, kwa sababu nilikuamini. Kosa lisemwe mapema, lingali dogo."

Akakikunja kitambaa chake cha vumbi, akakitia mkobani. Njia nzima ya kurudi nyumbani Kidole alitembea nyuma yake, hatua mbili, na shangazi hakugeuka kumwita.