Mchezaji wa Kete Nyeusi

Fundi cherehani aliamka akakuta askari mmoja mweusi amesogea. Alikuwa ameuacha ubao wa sataranji mezani, zamu ikiwa ya weusi, na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine tangu binti yake wa mwisho aolewe.

Alikuwa akijizoeza kwa fainali ya mtaa, akicheza pande zote mbili. Kila akisogeza kete nyeupe alikiambia kiti kitupu, "Haya, zamu yako." Jioni moja akatania zaidi: "Ukinishinda, hamia kabisa."

Tangu hapo chumba kikawa kinanuka utambi uliozimwa, na kila alfajiri kete nyeusi ilikuwa imesogea yenyewe.

Siku ya fainali alianza kama kawaida yake, kwa askari wa pembeni.

"Mama, wenzio wanapita mlango mkuu, wewe uchochoroni tena?" Mpinzani wake, daktari wa meno, alicheka.

"Uchochoroni hakuna foleni, daktari. Cheza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha ile harufu ya utambi ikaingia, jasho likamtiririka daktari, na mkono wake ukainuka polepole, ukamnyanyua farasi kwa vidole viwili na kumtua pale pale alipokuwa akitua kwenye ubao wa nyumbani, huku kiti chake kikilalamika kana kwamba kimekaliwa na watu wawili.

"Mama," alinong'ona, "mkono huu siusogezi mimi."

"Najua."

"Kuna jini hapa. Ananiambia sikioni kwamba ulimkaribisha. Mshinde, nakuomba. Ukimshinda anaondoka."

Ushindi ulikuwa wazi. Hatua moja tu ya malkia, na mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Fundi akanyoosha mkono. Akakumbuka sufuria yake ndogo, sahani moja kwenye kichanja, simu inayolia wanae wanapokwama tu. Mkono ukapita juu ya malkia, ukagusa ngome.

"Umegusa, mama," mwamuzi alisema kwa masikitiko. "Lazima uicheze."

"Sheria naijua."

Akaicheza, akashindwa. Daktari aliukumbatia mkono wake, ambao sasa ulikuwa wake tena, akalia mbele za watu.

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Ufunguo ulikuwa mkononi, lakini alisita mlangoni kwake mwenyewe, akajitengeneza ushungi, akabisha hodi.

"Karibu," sauti ikamjibu kutoka ndani. "Zamu yako."